Mchele mbovu wa mpakani na tumaini lisilooza

NI saa moja asubuhi hapa Grande Barrière, Gisenyi, siku ya Jumanne, tarehe 8 Julai mwaka 2025. Kushoto kwetu Ziwa Kivu limetulia, kulia Mlima Nyiragongo umejifunika wingu, na mbele yetu, hatua chache tu, ni Goma. Shule zimefungwa, hivyo nimepata nafasi ya kumsindikiza mke wangu. Siku nyingine yeye huvukia Petite Barrière, kule kwa waendao kwa miguu, mzigo ukiwa kichwani. Leo yeye na akina mama wenzake wamekodi pikapu ya kubebea kabichi na karoti, na magari hupitia huku.

Mbele ya pikapu yetu limesimama lori la mchele. Mama mmoja wa makamo, mchuuzi wa siku nyingi, anamwuliza utingo kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu: "We kijana, mchele huo ni mzima? Leo ni siku ya Bwana Chui, usije ukatuletea balaa."

Watu wanacheka. Kisha kicheko kinakatika ghafla, maana kila aliyekuwa pale anajua kwamba mama yule hakuwa akitania tu.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mfanyabiashara wa mpaka huu, jina hilo si geni kwako. Kama hulijui, basi tulia kidogo nikusimulie. Ni habari ya kijana wa hapa hapa kwetu, na ndiyo iliyonifanya mimi, mwalimu niliyezaliwa uhamishoni na kulelewa kwa rozari, nielewe nikiwa mtu mzima maana ya neno ambalo nilikuwa nikilifundisha kwa miaka mingi bila kulijua. Neno lenyewe ni tumaini.

Kijana wa ofisi ya ukaguzi

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Goma. Akiwa bado mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, chama cha Wakatoliki walei kilichoanzia Roma mwaka 1968. Kazi aliyoipenda zaidi humo ilikuwa kukaa na watoto wa mitaani, wale ambao Goma huitwa maibobo, akiwafundisha kusoma na kuwatafutia chakula.

Baadaye alipata kazi OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, na mwaka 2007 alikuwa Goma akishughulikia bidhaa zilizoharibika. Kwa maneno mengine, yeye ndiye aliyekuwa na kalamu ya kusema chakula hiki kipite au kisipite. Wanaoujua mpaka wanajua thamani ya kalamu ya namna hiyo.

Ikafika shehena ya chakula kibovu, mchele ukiwamo, kutoka upande huu wetu wa Rwanda. Floribert akaikataa. Akaahidiwa fedha, akazikataa. Dau likapandishwa, akakataa tena. Alimweleza mtawa mmoja rafiki yake kile kilichokuwa kikimsumbua, na hoja yake ilikuwa nyepesi sana: fedha zile zingekwisha baada ya siku chache, lakini wale ambao wangekula chakula kile ingekuwaje kwao? Na yeye mwenyewe, je, alikuwa akiishi kwa ajili ya Kristo au la?

Jumamosi ya tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alipokutana na vijana katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, aliwatajia kijana huyu kuwa mfano wao. Novemba 2024 alikubali rasmi kwamba Floribert aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Na Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025 Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza kuwa Mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, huko Roma. Jina la Bwana Chui bin Kositi, jina la mtaani kwetu, likasomwa juu ya kaburi la Mtume Paulo.

Mpaka ulioona mengi

Niseme wazi kwamba kuandika habari za tumaini ukiwa umesimama Grande Barrière si jambo jepesi. Hapa pamepita machozi mengi kuliko mizigo.

Katikati ya Julai 1994 watu zaidi ya nusu milioni walivuka hapa kwa siku chache tu kuelekea Goma. Novemba 1996 mamia ya maelfu yao wakarudi kwa njia ile ile, magodoro na masufuria vichwani. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, uji wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani, ukalimeza hata kanisa kuu la mji, na safari hii wao ndio wakakimbilia kwetu. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na matetemeko yakapasua kuta za nyumba za pande zote mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ikaua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na hapa Rubavu mto Sebeya ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wapiganaji wa M23 walipoingia Goma, makombora yaliangukia hata upande huu wa Rubavu na kuua raia.

Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Hawakusema baada ya muda gani. Na mtu wa mpaka huu anaweza kuuliza kwa haki kabisa: mbona kwetu baada ya dhiki huja dhiki nyingine?

Swali hilo si dhambi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atasahau hadi lini, tena inauliza mara nne mfululizo. Kanisa limeuhifadhi wimbo huo wa manung'uniko ndani ya Biblia Takatifu kwa karne zote hizi bila kuufuta. Anayelalamika mbele za Mungu bado anaamini kwamba yuko wa kumsikia.

Sanduku la baba

Mimi nilizaliwa Ngara, Tanzania, mwaka 1979. Wazazi wangu walikuwa wamekimbia Rwanda mwaka 1961. Baba alikuja na sanduku la bati lenye nguo zake za heshima, na hakulifungua. Kila mwaka mpya alisema, "Mwakani tunarudi." Wenyeji wetu wana msemo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba jembe alilipokea, lakini alilima mahindi na maharage tu, mazao ya msimu mmoja. Mti hakupanda hata mmoja. Kupanda mti ugenini, alisema, ni kukubali kuzikwa ugenini.

Mama alikuwa mtu wa jumuiya. Jimbo letu la Rulenge, chini ya Askofu Christopher Mwoleka, lilizitilia mkazo sana jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na kila wiki majirani walikusanyika nyumba hii au ile kusoma Neno na kusaidiana. Siku moja, nikiwa bado mdogo, katekista alisoma sura ya 29 ya kitabu cha Yeremia.

Wengi tunapenda mstari wa 11 wa sura hiyo, ule unaotuhakikishia kwamba Mungu anatuwazia mema. Tunaubandika ukutani na kwenye vioo vya daladala. Lakini katekista yule alianza mwanzo. Ile ni barua kwa wakimbizi waliopelekwa Babeli. Nabii mwingine, Hanania, alikuwa amekwisha kuwaahidi kwamba mambo yangekwisha kwa miaka miwili tu. Yeremia akawaandikia kuwa ni miaka 70. Kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule wa ugenini, maana amani yake ndiyo amani yao. Ahadi ya mema inakuja baada ya maneno hayo magumu.

Kesho yake asubuhi mama alikwenda kuomba miche ya kahawa. Baba alikasirika sana. "Unatuchimbia kaburi huku?" aliuliza. Mama hakumjibu, akaendelea kuchimba mashimo.

Kahawa si maharage, huchukua kama miaka mitatu kabla haijaanza kuzaa. Lakini ilizaa, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye miche ile. Tulipovuka daraja la Rusumo kurudi Rwanda mwanzoni mwa mwaka 1997, baada ya mimi kumaliza kidato cha nne, baba alifungua sanduku lake kwa mara ya kwanza. Nguo zilikuwa zimeliwa na nondo. Alikaa kitandani akazitazama, kisha akamwambia mama, "Wewe ndiye uliyeamini kwamba tutarudi." Mama alicheka akasema yeye alipanda kahawa tu.

Niliichukua habari hiyo kama kisa kizuri cha kuwasimulia wanafunzi. Nilidhani nimeielewa.

Mtoto wa miaka tisa

Mke wangu aliijua Grande Barrière kabla yangu. Julai 1994 alipita hapa akiwa na miaka tisa, ameshika kanga ya mama yake. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yamefika mwisho, na waliokuwa wakitawala walikuwa wakikimbia pamoja na umati wa watu. Katika msafara ule walikuwamo wauaji, na walikuwamo watoto wa miaka tisa.

Kipindupindu kiliwapata kandokando ya Goma. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, jembe haliingii, maiti zikavingirishwa mikeka na kulazwa barabarani. Mmoja wao alikuwa mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Alikunywa maji ya dimbwi asubuhi, na jioni ya siku ya pili hakuwapo tena. Mke wangu alirudi Novemba 1996, na sanduku hakuwa nalo.

Tulikutana kwenye kwaya hapa Gisenyi. Mimi mtoto wa wakimbizi wa zamani, yeye mtoto wa wakimbizi wa 1994. Ndugu za pande zote mbili walikuwa na maswali, na walikuwa na haki ya kuwa nayo. Hiyo ni habari ya siku nyingine. Leo nataka kusema juu ya unga.

Magunia mapya, unga wa zamani

Mpaka ulipofungwa mwaka 2020, biashara ya mke wangu ilikufa siku hiyo hiyo. Wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya binafsi. Shule zikafungwa na mshahara ukakatika, kwa miezi minane. Tulikula mtaji, kisha tukala redio, kisha tukala baiskeli. Watoto walikuwa watatu.

Mwaka 2021 ulipoanza, wachuuzi walikuwa wakiunganisha bidhaa zao na kuzipakia kwenye lori moja ili zivuke. Hapo akatujia mtu mmoja mwenye ghala. Alikuwa na unga wa mahindi uliokaa muda mrefu wakati wa kufungwa kwa mpaka, ukanyeshewa, ukashika kuvu. Alikuwa ameuchekecha upya na kuutia kwenye magunia mapya. Ukiutazama hukuona kitu, lakini harufu ilikuwapo kwa mbali. Fedha zetu hakuzihitaji. Alihitaji jina la mke wangu tu, kwa sababu akina mama wa Goma walimwamini. Auingize unga ule katika mzigo wa kikundi, faida tugawane nusu kwa nusu.

Ndugu msomaji, sitakuficha. Mimi ndiye niliyesema tuchukue. Mimi mwalimu, msomaji wa Neno kanisani, mtoto wa mama wa kahawa. Nilisema unga hupikwa, moto huua kila kitu. Nilisema mara moja tu, kisha tutaacha. Nilisema hata Mungu anaona hali yetu.

Mke wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, unga huu utaliwa na mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Mdogo wangu aliuawa na kitu kichafu kilichoingia tumboni. Aliyechafua maji yale hakumjua. Na mimi nisiyemjua mtoto wa Birere nimpelekee hiki?" Ndipo akaniambia habari ya kijana wa OCC, aliyoisikia kwa wateja wake wa Goma miaka mingi kabla Roma haijamtangaza kuwa Mwenyeheri. "Yule alikataa akiwa na bunduki mbele yake," alisema. "Sisi mbele yetu kuna njaa tu."

Asubuhi alimrudishia yule bwana jibu lake.

Baadaye nilisoma na kujua kwamba hata hoja yangu ya moto ilikuwa ya uongo. Sumu itokanayo na kuvu, ambayo wataalamu huiita sumukuvu, haimalizwi na kupika. Huharibu ini, na watoto huwa hatarini zaidi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Wafanyabiashara wenzangu wa nafaka, naomba tarakimu hiyo muikumbuke kila mnapoona gunia limelowa.

Je, tulilipwa?

Najua unachosubiri. Unasubiri niseme kwamba wiki iliyofuata Mungu alitufungulia mlango, tukapata mkopo, tukajenga. La hasha. Wiki iliyofuata tulikula viazi bila chumvi. Miezi michache baadaye mlima ulilipuka na ukuta wa chumba cha watoto ukapasuka. Mwaka 2023 Sebeya iliingia katika nyumba tuliyopanga, ikalowesha hata Biblia ya Kiswahili ya mama yangu, aliyokuja nayo kutoka Ngara. Imekauka, lakini imevimba na haifungiki tena vizuri.

Na Floribert mwenyewe hakulipwa, kama malipo ni kuokoka. Alikataa, akauawa. Anayehubiri kwamba mwenye imani hapatwi na mabaya, na apite hapa mpakani atueleze kwanza habari ya kijana huyu.

Tuseme na hili, maana bila kulisema maneno yetu juu ya tumaini ni kelele. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani wakitumaini kupona, na wengi wakauawa humo humo, hata huko Nyundo, makao ya jimbo letu. Baadhi ya wauaji walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki, na Machi 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watu wake. Ubatizo haukuwazuia wale kuua. Tumaini lisilomfanya mtu akatae ubaya ni pambo la ukutani tu.

Tumaini lipo mwisho wa foleni

Ndiyo maana nairudia mara kwa mara sura ya tano ya Waraka kwa Warumi. Mtume Paulo anapanga mambo kwa utaratibu kama mwalimu ubaoni. Anaanza na dhiki. Dhiki inazaa uvumilivu. Uvumilivu unamfanya mtu awe amepimwa na kuthibitika. Na mtu aliyethibitika ndiye anayepata tumaini, tumaini ambalo halimwaibishi mwenye kuwa nalo. Ni maneno hayo ya mstari wa tano ambayo Papa Fransisko aliyachagua kuufungua waraka wake wa kutangaza Jubilei ya mwaka 2025.

Angalia mpangilio. Sisi tunataka tumaini litangulie. Tunasema, nikipata tumaini nitavumilia, nikiona dalili za mema nitakuwa mwaminifu. Paulo ameliweka mwisho wa foleni. Kwanza unasimama, unakataa unga mbovu huku tumbo likiuma, unapanda kahawa bila kujua nani ataivuna. Halafu, ukiwa umekwisha kusimama, ndipo unagundua kwamba ndani yako kuna kitu ambacho njaa haikukiondoa.

Hilo ndilo lililonipata mimi, tena kwa mlango wa mke wangu. Siku aliyorudisha jibu kwa yule mwenye ghala hatukuwa na kitu. Lakini usiku ule, tuliposali na watoto, kwa mara ya kwanza tangu mpaka ufungwe sikuogopa kesho. Hali ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimeona, kwa macho yangu, kwamba dhiki haina nguvu ya kutufanya tuwe watu wengine.

Kwa sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, somo hili lina uzito wa pekee. Wengi wetu tulirudi na masanduku ya ndoto, na nchi tuliyoikuta haikuwa ile tuliyosimuliwa. Baadhi yetu tumelikalia sanduku hadi leo tukisema mambo yakikaa sawa tutaanza kuishi. Yeremia angetuandikia barua ile ile: jengeni, pandeni, ombeeni amani mahali mlipo. Kwa mtu wa Gisenyi amani hiyo ni pamoja na ya Goma. Wakilia wao hatulali sisi, na mlima ukitema moto hauulizi pasipoti.

Kwa wafanyabiashara sina hotuba ndefu. Wenye kalamu kama ya Floribert ni wachache, lakini kila mmoja wetu ana mizani, ana kopo la kupimia, ana gunia lenye tarehe. Mpaka huu unalisha watoto wa nchi mbili. Na anayeombwa "chai" au anayeshawishika kuitoa, ajiulize swali la mke wangu: kitakachopita hapa kitaliwa na mtoto wa nani?

Pale kwenye foleni, afisa amepanda juu ya lori. Anafungua gunia moja, anachota mchele kiganjani, anaupeleka puani. Anafungua la pili, kisha la tatu la chini kabisa. Yule mama wa makamo anamtazama bila kupepesa. Hatimaye afisa anashuka, anapiga muhuri, lori linaondoka.

Zamu yetu inafika. Mke wangu anafunua turubai mwenyewe kabla hajaombwa, anamwonyesha afisa kabichi za juu na za chini. "Za chini ndizo nzuri zaidi, baba," anamwambia. Kisha pikapu inavuka, nami ninarudi nyumbani kuwapikia watoto.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Gisenyi, wilayani Rubavu.